Inchi Tatu Kiunoni

11 Januari

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Nimetanguliza jibu kwa sababu wewe na adabu mmekosana tangu ulipooa: wiki sita sasa hujaniandikia hata mstari mmoja. Na usiniletee habari za simu. Simu ni ya kuulizana kama basi limefika. Jambo la maana huandikwa, mtu akalisoma, akalirudia miwani ikishapatikana.

Hatujambo. Baba yako anakusalimu. Kaka yangu huyo sasa hasikii vizuri lakini anajibu kila kitu, kwa hiyo nyumba ina mazungumzo mengi na maelewano machache. Mama Vifungo, msaidizi wangu dukani, ameshona suruali nne za wanafunzi zenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, kisha akadai kitambaa ndicho chenye makosa. Nimemwambia kitambaa hakijawahi kushika mkasi.

Kazi ni nyingi. Shule zimefunguliwa, na kila mzazi amegundua siku hiyo hiyo kwamba mtoto wake amekua. Cherehani zote tatu zinalia tangu asubuhi. Mimi siku hizi nashona nimekaa tu, kukata namwachia Mama Vifungo, maana kusimama mezani kunanichosha. Ni uzee, hakuna zaidi. Na habari njema ni kwamba shangazi yako amenenepa! Wewe na mkeo mlikuwa mkinicheka kwamba gauni ndilo linalonivaa. Haya, tangu mwezi wa kumi nimefungua mishono ya ubavuni mara mbili. Inchi tatu kiunoni, Chiriku. Majirani wanasema maisha yamenikubali.

Mwambie mkwe wangu koti lake liko tayari, limebaki vifungo. Ukipata nafasi kati ya kupiga picha mioyo ya watu, kumbuka na moyo wa aliyekulea.

Shangazi yako

29 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine za wiki sita zote, zipokee kwa mkupuo. Huku tu wazima. Mkwe wako amepewa darasa la watoto sabini na anarudi nyumbani akitusemesha sote kama tuko darasa la kwanza. Jana aliniambia nionyeshe mikono kabla ya kula. Mimi niko kwenye kile chumba chenye giza cha hospitali, na mashine yangu, na watu wananiletea mioyo yao tangu saa mbili.

Barua yako tuliisoma kwa sauti. Mkwe wako alipofika kwenye unene, alisimama akaniangalia. Shangazi, mimi nimekaa na wewe tangu nina miaka sita, na sijawahi kukuona ukinenepa hata mwaka ule ulipoacha kutembea kwa sababu ya goti. Naomba unisaidie kwa ufundi wako, si wangu. Jipime kama unavyompima mteja. Shingo, mkono wa juu, kiuno, na kifundo cha mguu asubuhi na jioni. Vipimo vyako vya zamani najua unavyo kwenye daftari, maana hata vya baba nilipokuwa shule unavyo. Niandikie vyote viwili, vya zamani na vya sasa.

Na unalala na mito mingapi?

Usikasirike. Kuuliza si ujinga. Baba mwambie nimemsalimu, na umwambie kwa sauti.

Mpwa wako

14 Februari

Chiriku,

Marahaba. Baba yako nimemwambia kwa sauti kwamba umemsalimu, akajibu kwamba hataki ndizi.

Nilicheka niliposoma barua yako, kwamba sasa mpwa wangu ananifundisha kushika tepu. Lakini dukani kulikuwa kimya, Mama Vifungo kaenda kununua nyuzi, nikasimama mbele ya kioo cha wateja nikajipima. Shingo ni kumi na tatu na nusu, haijabadilika. Mkono wa juu ulikuwa kumi na mbili, sasa ni kumi na nusu. Kiuno kilikuwa thelathini na moja. Nilikuandikia kimeongezeka tatu. Sasa ni nne. Kifundo cha mguu kilikuwa nane, asubuhi ni tisa, jioni kumi na nusu, na viatu vya kufunga nimempa jirani.

Nimeshona miaka thelathini na minne. Nimewaona walionenepa kwa raha na walionenepa kwa mawazo, waliojifungua, waliokula posho za wenzao. Wote hao mikono hunenepa pia. Sijawahi kuona mwili unaoongeza kiunoni na kupunguza mikononi, kama mtu anayechukua kitambaa cha mkono akaweka kiraka tumboni. Niliandika namba hizo, nikazitazama, nikafunga daftari.

Mito ni mitatu. Lakini mmoja mwembamba sana, hauhesabiki.

Sasa nimekupa unachotaka. Niambie ni nini, na usizunguke.

Shangazi

23 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi.

Nenda hospitali ya hapo mjini, usisubiri kumaliza sare za mtu yeyote. Unachokiita unene ni maji. Waambie miguu inavimba, unalala kwa mito mitatu na unachoka ukisimama. Waambie wakupime moyo upya.

Nenda wiki hii, nakuomba.

Mpwa wako

4 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Baba yako ameshinda mashindano ya drafti ya mtaani kwetu, tumekoma. Mama Vifungo sasa anakata vizuri, isipokuwa akikatizwa na habari tamu.

Nimekwenda kwa daktari kama ulivyotaka. Ni kijana mpole, ana vidole virefu, angefaa kushona. Ameweka kile chombo chake kifuani akasikiliza muda mrefu, akasema anasikia mvumo, kama mtu anayepuliza uji. Akataka kunipeleka nikapigwe picha ya moyo. Mimi nikamwambia, ‘Baba, hilo tulishalimaliza.’ Nikatoa karatasi yako. Unaijua: ile ya mwezi wa nane mwaka jana, nilipokuja kwenu ukanipima kwa mashine yako. Huwa naitundika dukani juu ya kioo, kila mteja anaisoma. Moyo mzima. Chini sahihi yako, na mhuri wa hospitali kubwa. Daktari akaisoma mara mbili. Akasema, ‘Kama wataalamu wa huko wameuona mzima, basi tuchunguze figo.’ Nimepewa vidonge na tarehe ya kurudi baada ya miezi miwili.

Kwa hiyo usinitishe. Nani nimwamini, kijana wa chombo cha masikioni au mtoto niliyemlea mwenyewe, mwenye mashine?

Ila kuna kitu kimenikwama. Umeandika nikapimwe upya. Upya kwa nini? Na barua yako ilikuwa mistari saba, wewe ambaye tangu utoto tulikuita Chiriku kwa sababu hata usingizini ulikuwa unaongea. Chiriku akinyamaza ghafla, watu wa nyumbani huangalia chini ya mti kama kuna paka. Mimi naangalia. Sema.

Shangazi yako

17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani. Mkwe wako hajambo, na ndiye aliyenikalisha mezani akaniambia sitainuka mpaka niandike.

Ile karatasi si ya kuaminiwa. Niliiandika mimi, na niliandika nisichokijua.

Unakumbuka ilikuwa Jumapili, nikakupeleka kazini kukuonyesha mashine. Chumba kilikuwa kitupu. Ukasema, ‘Haya, nipime na mimi, nione kama kweli ulisoma.’ Ili moyo uonekane sawasawa, mtu huvua nguo ya juu, hulala ubavu wa kushoto, huinua mkono, na kichwa cha mashine hukaa chini ya titi la kushoto kwa dakika ishirini. Nawafanyia hivyo watu kumi kwa siku, wanawake kwa wanaume, na haya sioni kwa sababu ni kazi. Lakini ulikuwa wewe. Ulilala chali, gauni umefunga vifungo mpaka shingoni, na mimi nikashindwa kukwambia ufungue. Nilipitisha mashine juu juu, chini ya kola, huku nikiangalia dirisha. Dakika nne. Picha ilikuwa kama kioo chenye mvuke. Niliona ukuta wa moyo unachapa kazi kwa nguvu, nikaridhika, nikaandika ‘Moyo mzima’, nikasaini, maana tulikuwa tunangojewa chakula.

Vipimo vyako vya tepu vilipofika nilikwenda kuitafuta ile picha. Ipo. Kwenye kona yake, kidogo tu, vali moja inaonekana haifungi. Ndiyo sababu nilichelewa. Si kazi nyingi. Nilikuwa naogopa.

Sasa nisikilize kama fundi. Moyo una vyumba vinne. Upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, kuna hiyo vali, mlango wa mapazia mawili unaoruhusu damu kushuka tu. Mapazia yako hayakutani. Chumba cha chini kikijikaza kupeleka damu mwilini, sehemu yake inarudi juu. Pigo linalofuata, ile iliyorudi inashuka tena pamoja na damu mpya, na chumba kinapokea kuliko kipimo chake. Hivyo hivyo kila pigo, mara laki moja kwa siku. Kuta zinavutika. Mwanzoni kuvutika kunasaidia, kwa sababu lastiki ukiivuta hurudi kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo ndiyo iliyonidanganya siku ile, kumbe sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ni kurudisha damu ilikotoka. Lakini wewe unajua lastiki ya sketi iliyokaa imevutwa mchana na usiku miaka kadhaa. Inalegea. Chumba kilicholegea hujaa sana na kusukuma kidogo. Damu inakwama nyuma yake, maji yanaingia mapafuni, ndiyo mito mitatu. Yanashuka tumboni na miguuni, ndiyo inchi zako.

Mlango unatengenezeka, Shangazi. Lakini kuta zikivutika kupita kiasi, hata mlango ukitengenezwa hazirudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa moyo hakuna anayeujenga. Tunashindana na huko kuvutika.

Chana karatasi ile, nenda kwa yule kijana wa vidole virefu, umwambie mpwa wako alikosea. Bosi wangu nimeshamwambia. Kila picha yangu sasa inapitiwa na mtu mwingine kwa miezi minane, na ni haki yangu. Nikasirikie utakavyo, lakini nikasirikie ukiwa hospitali.

Mpwa wako

30 Mei

Chiriku,

Marahaba. Baba yako hajambo. Mama Vifungo anaendesha duka na anaanza kuzoea, itabidi nirudi upesi kabla hajabadilisha kibao.

Nimekaa kimya wiki sita. Wiki mbili kati ya hizo nilikuwa nimelazwa, sikukuambia. Sasa tumelingana.

Barua yako ilifika asubuhi. Saa nne nilikuwa mbele ya daktari, karatasi yako ikiwa vipande vinne ndani ya mkoba. Walinilaza siku hiyo hiyo. Wamenitoa maji kwa sindano na vidonge, kilo tisa, na msalani nilikuwa nakwenda mpaka manesi wakaniuliza kama nina shamba huko. Kifundo cha mguu kimerudi nane na nusu. Nilijipima mwenyewe, tepu niliingia nayo wodini ndani ya soksi.

Nilikukasirikia, na nataka ujue. Siku nne nzima jina lako lilikuwa haramu kitandani kwangu. Si kwa kukosea. Mimi nimewahi kukosea gauni la bibi harusi asubuhi ya harusi, najua kukosea kulivyo. Nilikasirika kwa zile wiki tano ulizojua ukanyamaza, mimi huku nikitamba na karatasi juu ya kioo.

Siku ya tano hasira iliisha, nikabaki na aibu yangu mwenyewe. Sikiliza. Jumapili ile sikutaka kupimwa kwa mzaha. Nilikuwa nimepanda ngazi za hospitali yenu nikasimama mara tatu, nikajifanya natazama picha za ukutani. Nilikuwa tayari na wasiwasi. Na vifungo vile sikuvisahau, nilivifunga makusudi mpaka juu, nikajisemea asipoona, basi hakuna. Ungeniambia nifungue, ningekufokea. Mficha uchi hazai, mficha maradhi kifo humuumbua: sisi wawili tulificha vyote. Kwa hiyo kosa lile ni la watu wawili, na nakukataza kulibeba peke yako.

Sasa namba. Wamenipiga picha, ubavu wa kushoto, nguo chini, aliyepiga ni binti mdogo kuliko wewe na hakuangalia dirisha. Chumba cha kushoto kikijaa ni sentimita sita nukta nne, kikijikaza nne nukta tatu. Anasema mwanamke wa umbo langu asizidi tano na kidogo kikijaa. Unaona, hata ndani nimeongezeka kiuno. Daktari anasema kuta bado zina uhai, lakini tukingoja mwakani huenda kusiwe na cha kushona. Wanataka kunipasua kifua katika hospitali ya mbali zaidi, kuna mpasuaji wa kazi hiyo.

Ninaogopa, Chiriku. Nimekata vitambaa maisha yangu yote, sikuwahi kufikiri nitalala mezani mimi. Lakini nimesaini, ni tarehe kumi na nane mwezi wa saba. Njoo.

Shangazi

8 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa chini nikalia kama mtoto, mkwe wako akaniambia nionyeshe leso.

Nimepata ruhusa kazini. Tarehe kumi na nane mwezi wa saba nitakuwa mlangoni kwa chumba cha upasuaji, na nitakaa hapo hata wakinifagia. Namba zako nimezisoma kama wewe unavyosoma daftari. Nne nukta tatu ni mpakani, lakini upande wetu wa mpaka. Wengi huja kwangu wakiwa wamevuka. Wewe umekuja kabla.

Uzito wako jipime kila asubuhi ukiamka, baada ya msalani, kabla ya chai. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili, usiseme maisha yamekukubali. Nenda kwa daktari.

Na kuhusu lile la kukatazwa kubeba peke yangu, nimesikia. Nitajaribu kutii.

Mpwa wako

26 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba! Mwandiko umepinda kwa sababu naandika nimeegemea, na kikohozi kinauma kama adui. Uliondoka Jumatatu, na Jumanne nilitembea mpaka mwisho wa wodi. Leo nimekwenda na kurudi mara mbili, nikamwacha nyuma bwana mmoja mnene wa kitanda cha dirishani aliyepasuliwa wiki moja kabla yangu. Alisema si mashindano. Wanaoshindwa husema hivyo.

Nimekutana na fundi mwenzangu. Mpasuaji alikuja jana kuangalia mshono, nikamwambia avute kiti, nina maswali. Akasema ana dakika tano.

‘Mapazia yangu ulifanyaje?’ nikamuuliza.

‘Mdomo wa mlango ulikuwa umepanuka,’ akasema. ‘Nimeshonea pete kuzunguka, nikaubana mpaka mapazia yakakutana.’

‘Yaani ulivuta marinda ukatia mkanda.’

Akafikiri kidogo, akasema, ‘Ndiyo. Marinda.’

‘Mishono mingapi?’

‘Kumi na minne.’

‘Na kila mmoja unafunga fundo mara ngapi?’

‘Saba.’

Nikamwambia mimi kifungo cha koti nafunga mara tatu na hakijawahi kurudi. Akacheka mpaka nesi akachungulia. Akasema hicho kifungo hakipigi mara laki moja kwa siku. Nikakubali, hapo kanishinda. Kisha nikamwomba anionyeshe vidole vyake. Ana sugu pale pale nilipo nayo mimi, ubavuni mwa kidole cha shahada. Alikaa dakika arobaini, Chiriku, watu wakimtafuta.

Aliniambia waliusimamisha moyo wangu dakika tisini na mbili, kazi yake ikafanywa na mashine. Alipomaliza kushona aliujaza maji aone kama unavuja. Haukuvuja hata tone. Kisha wakaurudishia damu, wakangoja, ukapiga wenyewe. Hakuusukuma mtu. Nimelala nikilifikiria hilo tangu jana, na kila nikilifikiria nataka kupiga vigelegele, ila kifua hakiruhusu.

Nalala kwa mto mmoja. Ule mwembamba.

Ni mapema kusema kama kuta zitarudi. Wanasema tungoje miezi minne au mitano. Picha hiyo nataka uipige wewe. Usinijibu kwamba kuna binti hodari zaidi. Najua yupo. Nakutaka wewe.

Shangazi yako, mwenye mishono kumi na minne

3 Desemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini basi halikukuchosha na baba alikupokea. Mkwe wako anavaa lile koti hata darasani, na watoto wamemwambia anafanana na rubani.

Juzi uliponiuliza, ‘Haya, inasemaje?’ nilijibu kwamba ni nzuri, nikatoka nje haraka. Ulidhani nimekwenda kumwita bosi. Nilikwenda kusimama ukumbini peke yangu. Sasa naandika nilichoshindwa kusema.

Ulipanda ngazi zetu bila kusimama, na huku unanisimulia habari za Mama Vifungo. Nilikuwa nyuma yako nikihesabu pumzi, na nyingi zilikuwa zangu. Ulivua, ukalala ubavu wa kushoto, ukainua mkono, ukasema, ‘Fanya kazi.’ Nikafanya. Chumba cha kushoto kikijaa: sentimita tano kamili. Kikijikaza: tatu nukta tatu. Mlango unafunga, mapazia yanakutana katikati kama viganja vya mtu anayepiga makofi. Nimepima mara tatu. Bosi wangu akapima mara ya nne, akapata hizo hizo, akaniambia kuanzia sasa picha zangu hazihitaji kupitiwa.

Kuta zimerudi, Shangazi. Tulishindana nazo tukazishinda. Nimepiga picha maelfu ya mioyo na sijawahi kuona mzuri kama huo, nao ndio ulionilea. Nakupenda, na nimechoka kulizungukia neno hilo.

Mpwa wako

14 Desemba

Chiriku,

Marahaba, na mimi nakupenda, sasa tusirudie mpaka mwakani, karani wa posta atachoka.

Tano kamili! Nimemsomea baba yako kwa sauti mara tatu, akauliza tano za nini, nikamwambia za moyo wangu, na kwa mara ya kwanza mwaka huu alisikia. Alinishika mkono. Mama Vifungo alifunga duka tukacheza katikati ya vitambaa, mimi na yeye, na aliyeomba kupumzika ni yeye.

Lakini sijaandika kujisifu, au si kwa hilo peke yake. Jumanne amekuja mwalimu mkuu, yule aliyekufundisha darasa la tatu, kuchukua suti yake ya mahafali. Nilimpima mwezi wa tisa. Sketi haifungi. Mikono ya koti inapwaya. Akacheka, akasema amenenepa, maisha yamemkubali. Chiriku, mkasi uliniponyoka.

Nikamwambia avue viatu. Akaniuliza mimi ni nani. Nikapiga magoti nikavivua mwenyewe, nikabonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Nikafunga duka, nikamshika mkono, tukaenda kwa daktari kwa miguu. Ni mdogo kwangu kwa miaka minane. Nilikuwa mbele, yeye akisimama kwenye kila nguzo ya umeme, nami nikirudi kumchukua. Kijana wa vidole virefu aliweka chombo chake, akasikiliza, akaniangalia mimi badala ya mgonjwa. Mvumo ule ule.

Nimemweleza yote, mlango, vyumba, lastiki. Hakulia. Aliuliza tu kama amechelewa. Nikamjibu kwamba hilo atalijua kwako.

Anakuja Jumatatu, saa tatu. Atakuwa amefunga vifungo mpaka shingoni, na atakukodolea yale macho yake, na najua mpaka leo unamwogopa. Mwambie afungue. Mlaze ubavu wa kushoto, na uchukue dakika zote ishirini.

Shangazi yako